Jinsi Bwana Alivyoniondolea Hofu ya Mikono Yangu

Ndugu zangu, Bwana wetu asifiwe na wenye nguvu, asifiwe pia na sisi tuliochoka! Wazee, shikamooni. Mchungaji, asante kwa kunipa nafasi. Niruhusuni nishike mgongo wa benchi hili ninaposema, maana nimetoka Kwihara kwa miguu asubuhi hii, na magoti yangu si yale mliyoyajua.

Mimi ni Rahel Milembe. Kwa wale walio wageni, niliishi hapa Ipuli miaka tisa, nyumba ya pili kutoka kisimani, mke wa Elia aliyekuwa fundi wa reli. Wengine mnakumbuka nilivyoondoka. Msiogope, ndugu zangu, sikuja kumdai mtu chochote. Nimekuja kusema alivyonitendea Bwana, na nitasema polepole, kwa sababu sina tena pumzi ya kusema haraka.

Nilizaliwa Kwihara, kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Babu yangu alibeba humo mizigo ya watu hadi pwani na kurudi, na sisi watoto tulichunga mbuzi humo humo. Nikabatizwa, nikaolewa, nikaja mjini. Mungu alinipa mimba mbili na zote mbili sikuzifikisha. Baada ya ile ya pili, mama mkwe wangu aliacha kuniuliza habari za asubuhi. Siku hizo nilikuwa nikifua nguo za bibi mmoja Mzungu wa misheni, naye aliponiona nimekaa tu kwenye ngazi za jikoni kama gunia, akanifundisha kufuma kwa kroshia. Ni sindano moja tu, ina ndoano kichwani. Unavuta uzi ndani ya kitanzi, unapata kitanzi kingine, basi unaendelea. Elia alinichongea ya kwangu kutoka spoki ya baiskeli, akaipiga tupa mpaka ikawa laini. Alikuwa mume mwema katika mambo kama hayo.

Nilipenda kazi ile, ndugu zangu! Siwezi kuwaficha. Nilianza na skafu, maana skafu haina hila: unafuma mstari, unageuka, unarudi, unageuka tena mpaka uzi uishe. Kisha nikajifunza masweta ya kufunga vifungo mbele. Nyuma kipande kimoja, mbele vipande viwili, mikono miwili, unaunganisha. Uzi wa sufu dukani ulikuwa ghali kwetu, lakini vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha na askari wamerudi na masweta yao ya jeshi, yamechakaa viwiko. Niliyafumua. Nilifua uzi, nikaufunga jiwe ukaning'inia uwanjani mpaka unyooke, kisha nikafuma upya. Nilikaa barazani kwangu tangu Elia anapotoka kwenda kazini, na wanawake walipita wakisema, "Mama, nami nitakuja na la mume wangu!" Watoto wengi wa mtaa huu walivaa rangi ya jeshi wakati wa kipupwe. Baadhi yenu mliokaa hapa mmekuwa vijana sasa, nanyi mliyavaa.

Sasa nisikilizeni.

Elia alikuwa na dada mmoja, wifi yangu Kalunde. Tulipendana. Yeye alikaa na mama yake upande wa pili wa barabara, mumewe akiwa safarini kwenye mashamba ya mkonge. Alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Juni, na baridi ya asubuhi mwaka ule ilikuwa ya kutetemesha meno. Nilimfumia mtoto sweta dogo, nikatia vifungo vitatu vya shati la Elia. Nililipeleka mwenyewe. Kalunde alimvisha mbele yangu, akacheka, akasema, "Wifi, sasa huyu ni askari!"

Siku ya nne mtoto akafa. Ilikuwa saa sita mchana, jua limewaka, nami nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia kilio upande wa pili wa barabara. Nilikimbia. Nilimkuta bado amevaa lile sweta.

Ndugu zangu, sitasema mengi juu ya wiki iliyofuata. Mama mkwe alikwenda kwa mfumu, yule anayepiga ramli. Akarudi na neno. Mfumu alisema pumzi ya mtoto imefungwa mafundo, mafundo mengi, kwa mkono wa mwanamke asiye na mtoto. Alisema na uzi ule ni wa askari aliyekufa, na maiti alikuja kudai nguo yake. Nani katika mtaa ule alifunga mafundo siku nzima? Nani hakuwa na mtoto? Hawakuhitaji kunitaja jina.

Walileta lile sweta uwanjani kwangu, wakalichoma mbele ya mlango. Sufu haiungui vizuri. Inanuka kama nywele. Mama mkwe alisimama pale mpaka likawa jivu, nami nilisimama upande wangu. Nilimwambia, "Mama, mimi nilimpenda yule mtoto." Akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "Labda hata wewe hujui unachokifanya. Mikono yako inajua."

Nilimtazama Elia. Alikuwa amesimama kati yetu, kofia ya kazi mkononi. Jioni ile, kabla jua halijazama, alinifungia mzigo wangu kwa kamba, vizuri sana, kama fundi anavyofunga, akasema, "Nenda kwenu ukapumzike kidogo, Rahel. Watu wakitulia nitakufuata."

Hakunifuata. Baada ya mwaka nilisikia ameoa.

Lakini ushuhuda wangu si juu ya Elia, wala juu ya mama mkwe, ambaye sasa amelala kaburini, Bwana amrehemu. Watu wanaweza kukufukuza nawe ukabaki mzima. Mimi sikubaki mzima. Niliondoka hapa nikiwa nimeamini! Hicho ndicho kifungo changu, ndugu zangu. Lile neno liliniingia. Nilihesabu mimba zangu mbili, nikamhesabu mtoto wa Kalunde, nikasema moyoni, labda ni kweli. Labda mimi sijui, na mikono inajua.

Nilipofika Kwihara niliitupa sindano yangu chooni. Niliishi kwa mama yangu miaka mitatu. Nililima, maana mahindi hayana roho ya kufa kwa mkono wangu, ndivyo nilivyofikiri. Sikupika chakula cha mgeni. Sikushika mtoto. Mtoto wa jirani akianguka mbele yangu nilikuwa namwita mama yake aje amwinue. Nilipokwenda kusali nilikaa benchi la mwisho na mikono yangu nimeifunga ndani ya kanga. Nilimwomba Mungu nini? Sikumwomba kitu. Nilikuwa nimechoka mno kuomba. Nilikuwa naketi tu, ibada ikiisha nainuka naondoka. Wako watu wanaodhani asiyeomba amemkataa Mungu. Si hivyo. Mwingine amechoka tu, na Mungu anajua tofauti! Asifiwe!

Ukaja mwezi wa Juni tena, mwaka wa tatu. Jirani yetu mmoja, Nyamizi, alijifungua mapacha kabla ya miezi kutimia. Wawili wa kike, kila mmoja mdogo kama njiwa. Nyamizi huyu hakuwa rafiki yangu. Habari zangu zilikuwa zimefika Kwihara kabla sijashusha mzigo, na alikuwa akivuka njia akiniona. Sikumlaumu. Nami ningevuka, kama ningeweza kuvuka njia nikajiepuka mwenyewe.

Asubuhi ile mkunga alikuja kwetu. Tulimwita Mama Salome, mwanamke mzima, mnene, asiye na subira, aliyefundishwa kazi na misheni. Aliingia uwanjani akihema.

"Rahel yuko wapi? Ni wewe? Nasikia unajua kufuma."

"Nilikuwa najua, mama."

"Nina watoto wawili pale kwa Nyamizi hawawezi kujipasha joto wenyewe. Nimewazungushia chupa za maji ya moto, nimewafunga kanga, lakini kila nikizifungua kuwanyonyesha wanapoa. Nataka vikofia na visweta vya kufunguka mbele, niwashughulikie bila kuwavua. Nataka leo."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia atafute mtu mjini. Akasema mjini ni mbali na watoto hawana siku. Basi nikatoa mikono yangu kwenye kanga, nikamwonyesha kama mtu anavyoonyesha kidonda. Nikasema, "Mama Salome, hii inaua. Uliza watu. Nilimfumia mtoto mmoja akafa ndani ya siku nne."

Nilitegemea ama akimbie, ama anihubirie. Hakufanya hata moja. Alisema, "Mimi wamefia mikononi mwangu kumi na kitu. Humu humu mikononi. Nioshe mara ngapi? Kesho naamka naenda kwa mwingine. Wewe umeogopa mmoja miaka mitatu?"

Nilirudisha mikono yangu ndani ya kanga.

"Rahel, mwenye kutoa pumzi na kuichukua ni mmoja, na si wewe. Umejipa kazi ya Mungu, ndiyo maana umechoka hivyo."

Ndugu zangu! Nimesikia mahubiri mengi. Nimesikia wainjilisti wenye sauti kama tarumbeta. Lakini neno lile la mwanamke aliyekuwa akihema, kanga yake ina madoa ya damu, ndilo Bwana alilolitumia. Nilikuwa nimejipa kazi ya Mungu! Nilibeba uzima na mauti ya watu kama babu yangu alivyobeba mizigo isiyo yake, na hakuna aliyenilazimisha kuendelea ila mimi mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba niliruka na kuimba. Nilikaa chini. Nikasema, "Sina uzi." Mama Salome akavua sweta lake alilovaa, baridi ile, akabaki na gauni. "Fumua hili." Nikasema, "Sindano niliitupa." Hapo mama yangu mzazi, ambaye alikuwa ameketi karibu na moto muda wote huo, aliinuka, akachukua kijiti cha mti mgumu na kisu cha jikoni. Alikata, akachonga ndoano nchani, akakwangua kwa kipande cha chupa mpaka kikawa laini. Miaka mitatu hakuwahi kuniambia neno juu ya jambo lile. Akanipa, akasema, "Mayu, kaa." Ni neno letu la kumwita mama, na kumwita binti unayempenda.

Nikaketi. Vidole vilikuwa vigumu. Kitanzi cha kwanza kilinitoroka mara nne. Kila nilipovuta uzi niliona lile jivu mlangoni kwangu Ipuli. Nikasema, Bwana, sina maombi. Chukua hiki kitanzi. Nikavuta kingine. Bwana, na hiki. Ndivyo nilivyoomba mchana ule wote, na yalikuwa maombi yangu ya kwanza baada ya miaka mitatu. Nilifuma kwa ule mtindo wa mstari wa kawaida, usio na maua wala pindo, kwa sababu ndio rahisi na ndio wa haraka. Kabla ng'ombe hawajarudi zizini nilikuwa na vikofia viwili na visweta viwili. Kila kimoja kiliweza kuingia kwenye kiganja changu.

Mama Salome alitaka kuvichukua. Nikasema nitavipeleka mwenyewe. Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Najua ilitoka wapi!

Nyamizi alikuwa amelala kwenye mkeka, amepungukiwa damu, midomo myeupe. Aliniona mlangoni. Nilisubiri aseme toka. Alinitazama mimi, akatazama vile visweta, akasema kwa sauti ndogo, "Ingia, unaleta upepo." Nikaingia. Niliwavisha kwa mikono yangu mimi mwenyewe.

Siku ya tano, yule mdogo zaidi alikufa.

Nisikilizeni sasa, maana wengi wangependa ushuhuda wangu usiwe na sentensi hiyo. Nami ningependa. Alikufa mchana, amevaa sweta langu, kama yule wa kwanza. Mama Salome alikuja kuniambia. Nilikuwa shambani. Niliweka jembe chini, nikaanza kutembea, si kwenda kwa Nyamizi, bali kuelekea porini, kule barabara inakopotelea miomboni. Nilitaka kutembea tu mpaka niishe. Yule Mwovu alisema ndani yangu, unaona? Unaona sasa?

Mama Salome alinifuata nyuma akinisonya na kuhema. "Nyamizi anakuita!" alipiga kelele. "Rahel! Mfiwa anakuita nawe unakimbia?"

Nikarudi. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Waliponiona walinyamaza, nami nikakijua kimya kile. Nilipita katikati yao. Nyamizi alikuwa ameegemea ukuta, mtoto aliyekufa mapajani, aliye hai kifuani. Mwanamke mmoja wa ukoo wake alikuwa ameanza kumvua marehemu lile sweta. Nyamizi alimshika mkono.

"Mwacheni nalo," alisema. "Azikwe nalo. Asipate baridi huko."

Yule mwanamke akasema, "Nyamizi, unajua ni mkono wa nani huo?"

"Najua," akasema Nyamizi. "Ni mkono wa mtu pekee aliyemletea mwanangu nguo."

Halafu akanigeukia. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Dada, huyu aliyebaki anaongezeka. Mama Salome amesema. Nitahitaji lingine kubwa kidogo."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa! Mtoto mmoja anapelekwa kaburini mbele ya macho yangu, na mimi nikafunguliwa! Nililia kilio ambacho sikukilia Ipuli. Nilimlilia mtoto wa Kalunde, nikawalilia wawili wangu ambao hawakupata majina. Na nilipokwisha kulia nilihisi njaa. Niliomba uji, nikanywa katika nyumba ile ya msiba, na mtu alinipa kikombe mkononi bila kukiweka chini kwanza, kama walivyozoea kwa kuniogopa.

Yule pacha aliyebaki anaitwa Tabu, anakimbiza kuku sasa, na masweta yake manne ameyamaliza.

Nimebakiza jambo moja. Miaka miwili baadaye Kalunde alikuja Kwihara. Niliona mwanamke anakuja njiani na mwavuli, nikamjua kwa mwendo wake. Tulisalimiana. Alikaa barazani, hakunywa maji niliyompa, akayashika tu. Kisha akaniambia. Alisema mtoto wake alikuwa tayari anakoroma kifua siku mbili kabla sijaleta sweta. Alikuwa ameona. Alinyamaza kwa kuogopa mama yake atasema amemwacha mtoto kwenye baridi alipokwenda kuteka maji. Na mfumu alipotoa neno lake, alinyamaza tena.

"Wifi, nilikuacha ubebe," alisema. "Nilikuona unafungiwa mzigo nikiwa dirishani."

Mnataka kujua nilifurahi? Sikufurahi. Nilikuwa nimechoka, na jambo lile lilikuwa zito hata kulisikia. Nilitazama kivuli cha paa kikisogea. Niliwaza, mwanamke huyu alikuwa mzazi aliyefiwa, naye alikuwa na hofu kama mimi, naye amekaa nayo miaka mitano bila mkunga wa kumkaripia. Nikamwambia, "Kunywa maji, Kalunde." Akanywa.

Lakini tazameni, ndugu zangu, jinsi Bwana alivyopanga! Hakungoja nithibitishwe sina hatia ndipo anifungue. Angetaka, angemleta Kalunde mwaka wa kwanza. Alinifungua nikiwa bado sijui, nikiwa bado ninashukiwa na watu na moyo wangu mwenyewe. Ningefunguliwa na maneno ya Kalunde, ningemshukuru Kalunde. Sasa namshukuru Mungu!

Kalunde yuko hapa leo, upande ule wa akina mama. Amenipa ruhusa kusema haya. Tena ni yeye aliyesema niyaseme hapa Ipuli, mbele ya watu walewale. Msimtazame vibaya anapotoka. Mtu atakayemtazama vibaya hajanisikia.

Sasa naona jua limekuwa kali na watoto wanalala. Sina mume. Sina mtoto. Mgongo unaniuma, na macho yangu yameanza kunikosea kuhesabu vitanzi. Sijasema Bwana amenipa kila kitu. Nimesema ameniondolea hofu, na mtu aliyewahi kubeba hofu anajua hiyo ni zawadi ya namna gani. Kama uko hapa na umejipa kazi ya Mungu, umebeba kifo ambacho hukukileta, usingoje upate nguvu ndipo umwendee. Mwendee hivyo hivyo, ukiwa huna hata maneno. Mpe kile kidogo kilichopo mkononi. Atakipokea. Mimi alinipokea!

Nimemaliza, ndugu zangu. Akina mama, anzeni wimbo ninyi. Mimi sauti imekwisha, nitawaitikia nimekaa.